Nge na Ngali

Chonyonyo, Karagwe
26 Aprili 2020

Mwanangu Kembabazi,

Pokea salamu za nyumbani kabla ya neno lolote. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hunikumbusha mwaka niliozaliwa kila nipandapo kilima cha kanisa. Mama yako hajambo, ila pumu humbana asubuhi za ukungu kama unavyoijua. Migomba imestahimili mvua na mibuni imetoa maua. Nawe u mzima? Mkwe wangu Atwine na wajukuu wangu hawajambo?

Barua yako Lameck, dereva wetu wa lori, aliileta salama pamoja na dawa ya mama yako. Umeandika: “Kama ungeniambia mapema, ningalikuja kabla ya mpaka kufungwa.” Hilo ni kosa, nawe nilikufundisha mwenyewe darasa la tano. Ukianza na nge, maliza na nge. Ukianza na ngali, maliza na ngali. Nge ni ya jambo ambalo bado lawezekana. Ngali ni ya jambo lililokwisha kupita, ambalo hata ukilia halirudi. Usiyachanganye. Ndiyo maana nadai barua na si simu: miaka kumi na miwili ya Mbarara imekuharibia Kiswahili, nami sijafa bado.

Ipo na sababu nyingine. Simu ya nyumba hii ni moja, nayo imo mfukoni mwangu. Mambo ya ugonjwa huu usiyataje humo. Yasemekana wapo watu walioitwa kuhojiwa kwa sababu ya maneno ya simuni. Ukiyataja, nitakata. Barua ndani ya lori la maharage la Lameck haina masikio, na bahasha zangu nazibandika kwa uji wa muhogo, ambao hauachii upesi.

Nasikia serikali yenu imewafungia ndani na askari wanapita na fimbo. Huku tunalima, tunasali, tunazikana. Mimi bado ni katibu wa chama cha kuzikana, na daftari langu lina safu nne kama siku zote: jina, umri, tarehe, sababu. Mwaka huu tumezika wawili tu, wote wazee. Kwa hiyo usinililie. Siipendi serikali inayomfungia mtu mzima ndani kama mbuzi wakati wa mvua.

Baba yako,
Mwalimu Cleophace Bainomugisha


Mbarara
17 Mei 2020

Baba mpendwa, shikamoo.

Najua umeitikia na kuketi sawasawa, miwani puani na kalamu nyekundu mkononi. Sisi wazima. Atwine yumo ndani mwezi wa pili sasa, anawafundisha watoto hesabu na wote wanne wamechokana. Mimi natoka kwa sababu ni nesi. Nina barua ya ruhusa kifuani, nikiisahau sifiki kazini.

Baba, hapa kila jioni redio inatuambia wangapi wamepimwa na wangapi wamekutwa na korona. Madereva wa malori wanapimwa mpakani, na wengi wanaokutwa nao wanatoka kwetu huko. Usiseme ni uongo kabla hujamaliza kusoma. Mimi nawaona kwa macho yangu.

Lakini sitakuficha la upande huu. Jirani yangu Ainebyona, mke wa fundi cherehani, alishikwa na uchungu wakati hakuna gari linaloruhusiwa kutembea bila kibali. Mumewe alikwenda kutafuta kibali, afisa hakuwapo. Wakatembea. Alifia hatua chache kutoka kwenye lango la hospitali yetu, mimi ndiye niliyemfunika. Jioni ile redio ilisema nchi nzima haina hata kifo kimoja cha korona. Ni kweli tupu. Ainebyona hayumo katika hesabu hiyo, wala katika nyingine yoyote.

Kwa hiyo siwasifu wa huku. Naogopa jambo moja tu: kifua cha Mama. Ugonjwa huu ukimpata mwenye pumu wa umri wake, sina dawa ya kukutumia. Tafadhali, kile kikapu cha kahawa ya kutafuna kisizungushwe tena kwa wageni, kila mkono ukichovya. Wageni wakae nje, barazani. Madirisha yafunguliwe. Maji na sabuni viwe mlangoni. Msomee Mama sehemu hii.

Binti yako,
Mackrine Kembabazi


Chonyonyo
21 Juni 2020

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia kwamba nyote mna afya. Sisi vilevile, ashukuriwe Mungu.

Kuhusu Ainebyona nimesikitika. Ona basi: ninyi mna hesabu isiyo na huruma. Kuhusu sisi, tangu mwisho wa Aprili redio yetu haitaji idadi. Wengine wananong'ona kwamba tunafichwa. Mimi nasema labda hakuna cha kutaja. Shule zinafunguliwa, kanisa limejaa. Na hao madereva wetu, nani anajua wanapimwa kwa nini? Mwenye kipimo ndiye mwenye mpaka. Maharage yetu yakikwama mpakani Murongo yanaoza, ya kwao yanapanda bei. Fikiri kidogo.

Sikumsomea mama yako sehemu uliyotaka. Mama yako huingiwa na hofu upesi, na hofu humbana kifua kuliko ukungu. Nilimsomea salamu, habari za wajukuu na mstari mmoja wa Atwine. Mkuu wa nyumba hujua lipi la kusemwa.

Hata hivyo ameanza mambo ya ajabu. Wageni anawaketisha barazani, hata Mwinjilisti Yustus, ambaye amekaa sebuleni mwetu miaka thelathini. Kahawa hazungushi tena kikapuni. Anampa kila mtu punje zake juu ya kipande cha jani la mgomba. Niliona aibu. Nilipomuuliza, alisema wanawake wa kanisani ndivyo wanavyofanya siku hizi. Amening'iniza dumu la maji mlangoni na kulifungia kipande cha sabuni kwa kamba. Amepata pia tabia ya kujifukiza. Kila Lameck anapotoka hapa, mama yako husema kifua kimembana, huchukua chungu cha majani ya mkaratusi na kuingia chini ya blanketi. Simkatazi. Mvuke haujamdhuru mtu.

Masahihisho: si “Sisi wazima” bali “Sisi tu wazima.”

Baba yako,
Mwalimu C. Bainomugisha


Mbarara
9 Agosti 2020

Baba, shikamoo.

Sisi tu wazima. (Umeona?)

Nimecheka mpaka Atwine akaja kuuliza kulikoni. Maji mlangoni, wageni barazani, kahawa juu ya jani! Baba, ulimsomea, ila unaona haya kukiri. Wanawake wa kanisani hawawezi kuotea yote matatu kama nilivyoyaandika. Sawa, kana upendavyo, mradi afanye.

Ila mvuke hautibu korona, nami nakuomba umwambie asijichome. Mwenye pumu hatakiwi kuvuta mvuke wa moto namna ile.

Binti yako,
Mackrine


Chonyonyo
7 Februari 2021

Mwanangu Kembabazi,

Natumaini mwaka umekuanzia vyema. Barua zako za Oktoba na Desemba nilizipata. Huku sisi wawili tu wazima, na nasema “sisi wawili” kwa makusudi.

Tangu Krismasi chama kimezika watu kumi na mmoja. Mwaka jana wote tulizika tisa. Wiki iliyopita tulimzika Mwinjilisti Yustus. Alikuwa akihubiri Jumapili, Alhamisi hakuweza kumaliza Baba Yetu kwa kukosa pumzi, Jumamosi tukampeleka kaburini. Redio haijasema neno. Nilikuandikia kwamba labda hakuna cha kutaja. Neno “labda” lilikuwa na kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumanne alikuja Winston, mtendaji wa kijiji. Unamkumbuka, nilimfundisha darasa la sita.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Keti.”

“Sikai, Mwalimu. Nimekuja kuliona daftari la chama.”

Nilimwonyesha. Akapitisha kidole katika safu ya sababu. Kwa Yustus nilikuwa nimeandika: alikosa hewa, siku tatu, homa na kikohozi.

“Hapa uandike changamoto ya kupumua,” akasema.

“Changamoto si ugonjwa, Winston. Changamoto humchochea mtu ajitahidi zaidi. Marehemu hakuchochewa. Alikosa hewa.”

“Mwalimu, hilo ndilo neno linalotumika.”

“Linatumika vibaya.”

“Basi acha safu wazi.”

“Safu iliyo wazi ni sentensi isiyo na kiima.”

Akashusha sauti. “Mzee wangu, ulinichapa kwa sababu ya ngeli, nikavumilia. Hao wa juu yangu hawachapi. Wanakuandika jina. Mimi nina watoto.”

Akaondoka bila kunywa maji. Mimi sikuwa na nia ya siasa, Kembabazi. Nilitetea lugha. Lakini tangu siku hiyo watu wawili wamenishauri “nipumzike” ukatibu.

Sasa sikia. Nimezitoa bahasha zako na kuzipanga mezani. Zile za mwaka juzi zimebandikwa kwa gundi yake. Nne za mwisho zimekunjamana kama nguo iliyolowa, na zimebandikwa kwa uji wa muhogo. Je, huko Mbarara siku hizi mnabandika kwa uji? Nijibu hilo tu.

Baba yako,
Mwalimu C. Bainomugisha


Mbarara
14 Februari 2021

Baba, shikamoo. Poleni sana kwa Mwinjilisti Yustus. Alinibariki siku ya ndoa yangu, na chakula akala mara mbili.

Hapana, Baba. Bahasha zangu nazilamba kwa ulimi na kuzibandika. Uji sina. Kuna mtu anazifungua.

Nimekosa usingizi kwa ajili yako. Kama mtu anasoma barua zetu, amesoma kila nilichosema juu ya nchi zote mbili. Huku nako si salama sana: muuguzi mwenzangu alilalamika hadharani kwamba barakoa hazitoshi, akahamishiwa mbali wiki iliyofuata. Wanatangaza idadi, lakini asemaye zaidi ya idadi haachwi.

Ila usiharakishe kumshika mtu shati. Lameck namwamini.

Mama anaendeleaje? Hujamtaja kabisa katika barua yako.

Binti yako,
Mackrine


Chonyonyo
20 Februari 2021

Mwanangu,

Salamu. Mama yako hajambo kwa mwili, ila amenuna.

Uji wa muhogo hutoka upande huu wa mto wa mpaka. Barua hutoka mkononi mwako, huingia lorini, hushushwa hapa nikiwa shambani au kwenye chama, nami huikuta mezani jioni. Ni nani basi aliye kati yetu? Alhamisi nilimkuta Lameck penye mzani wa kahawa na nikamwuliza mbele ya watu ni nani anayemtuma kusoma barua zangu: Winston, au hao wa mpakani?

Akajibu: “Mzee, mimi hata barua za mke wangu sizimalizi. Nitasoma zako, zenye masahihisho?”

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kwamba mchekeshaji ndiye jasusi mzuri. Hapo akabadilika uso. Akasema, “Nimembebea Mama dawa miaka sita, sijawahi kumwomba hata ndizi.” Akapanda lori lake.

Mama yako aliposikia, alikaa jikoni na khanga usoni. “Umemwonea mtoto wa watu,” akasema. Nikamjibu kwamba mambo ya kupelelezana hayajui. Akaanza kusema jambo, akaliacha, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Kuanzia sasa utampa barua Costansia wa Murongo, yule anayeuza maharage Mbarara kila Jumatano. Yeye huja gulioni kwetu Alhamisi, na atanikabidhi mkononi mwangu, si kwa mwingine. Nitaziweka pamoja na daftari katika sanduku la bati, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Tuone sasa nani atasoma.

Baba yako,
Mwalimu C. Bainomugisha


Mbarara
24 Februari 2021

Baba,

Nisamehe, sina muda wa salamu. Lameck alipita kwangu Jumatatu kunieleza ulivyomvunjia heshima. Alikuwa akikohoa. Akasema ni vumbi. Alikubali nimpime, kisha akavuka kurudi. Majibu yametoka leo asubuhi. Anao.

Nimekupigia mara tatu. Niliposema “majibu ya Lameck” ukakata, na sasa simu imezimwa. Namba yake ya huku huizima akivuka mto, na ile ya kwenu sina. Mwambie wewe. Mwambie asitoke nyumbani kwake siku kumi na nne. Asiingie kwetu. Mama asikae naye chumba kimoja, asichovye mkono naye sehemu moja.

Unaweza kuwashuku wote, hata mimi. Lakini msomee Mama barua hii, neno kwa neno.

Mackrine wako


Mbarara
14 Machi 2021

Baba, shikamoo.

Tarehe tatu ulinipigia ukasema, “Mama yako amechoka.” Tarehe saba ukasema bado amechoka. Wewe uliyekataa neno la Winston! Tarehe kumi Benitha, mama yake Lameck, ndiye aliyeniambia kwamba Mama amefariki, kwa sababu wewe hukuweza kulitamka.

Nilikwenda kupimwa saa ileile ili niruhusiwe kuvuka. Cheti huchukua siku mbili. Niliwaomba, nikawaonyesha kitambulisho cha kazi, mimi ninayewapima wengine. Wakasema sheria ni sheria kwa wote. Mlimzika tarehe kumi na moja. Cheti changu kilitoka tarehe kumi na mbili, kimepigwa muhuri vizuri, kinasema sina ugonjwa. Ninacho hapa mbele yangu. Sijui nikifanyie nini.

Nasikia Lameck amepona. Nasikia pia kwamba alikula kwenu tarehe ishirini na tano.

Nina swali moja, wala usilisahihishe. Costansia ameniapia kwamba alikukabidhi barua yangu siku hiyo kabla ya saa nane mchana. Je, Mama aliisoma?

Mwanao,
Mackrine


Chonyonyo
22 Agosti 2021

Mwanangu Kembabazi,

Nakusalimu. Najua miezi mitano ni mirefu, na kwamba barua zako mbili za Aprili na ile ya Juni sikuzijibu. Mwili wangu ni mzima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kaburi la mama yako limeota nyasi, nazing'oa kwa mkono kila Jumamosi, kwa sababu jembe linafanya kelele.

Wiki iliyopita Winston alirudi. Safari hii aliketi. Alivaa barakoa, na kabla ya kuketi alinawa kwenye dumu la mama yako. Akasema msimamo umebadilika, sasa wakubwa wake wanataka idadi, na chanjo imefika wilayani. Akaniomba daftari lilelile.

“Mwalimu,” akasema, “wewe peke yako ndiye uliyeandika sababu. Vijiji vingine havina kitu.”

Akapitisha kidole katika safu. Akafika tarehe kumi Machi, akasimama. Kembabazi, katika miaka tisa ya ukatibu wangu, safu moja tu iko wazi, nayo ni ya mama yako. Winston alilifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akinirudishia daftari la mazoezi. Nilitamani anicheke.

Kwa hiyo nakujibu swali lako.

Barua yako niliipokea Alhamisi ile, saa saba na nusu. Niliisoma nikiwa nimesimama gulioni. Nilijiambia: hii ni hila ya wenye mpaka, wanataka kuwaharibia madereva wetu, na binti yangu amenaswa. Nikafika nyumbani, nikaifungia katika sanduku la bati. Lameck sikumwambia, kwa sababu siku hizo sikuwa nikisema naye.

Alasiri mvua ikanyesha, na Lameck akaingia. Mama yako ndiye aliyemwita, bila kuniambia, ili ugomvi uishe. Baraza lilikuwa likivuja, akamketisha sebuleni na kufunga madirisha. Akampakulia ndizi na maharage. Kisha akakitoa kile kikapu cha kahawa alichokificha karibu mwaka mzima, akapasua tunda moja, punje moja akampa Lameck na nyingine akaila yeye, kama wafanyavyo watu wetu wanapopatana. Lameck alikuwa akikohoa.

Mimi nilisimama, nikachukua koti, nikaenda kukaa katika banda la ng'ombe mpaka alipoondoka. Nilijiambia nimetoka kwa hasira. Siku zote hizi nimejiuliza kama ilikuwa hasira kweli. Kama nilidhani barua yako ni uongo, mbona nilitoka? Na kama nilidhani ni kweli, mbona sikufungua kinywa? Sina jibu. Najua tu kwamba mimi sikuugua.

Siku ya nne ya ugonjwa mama yako aliniambia niketi. Alisema kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Aliyekuwa akifungua bahasha zako ni yeye. Lameck akishaondoka, alizipitisha juu ya mvuke wa chungu chini ya blanketi, akazisoma humohumo kwa mwanga wa tochi, akazibandika kwa uji wangu. “Ulikuwa ukinisomea salamu,” akasema. “Mimi nilitaka barua.” Maji mlangoni, wageni barazani, majani ya mgomba: yote aliyatoa kwako. Uliotea vibaya ulipodhani ni mimi niliyemsomea. Nyumba hii ililindwa karibu mwaka mzima na mvuke ule niliousema haudhuru wala haufai.

Nilipomtukana Lameck, yeye ndiye aliyebeba aibu. Ndiyo maana alimwita ale. Na mimi nilipouvaa ufunguo shingoni, niliifunga njia pekee ambayo maneno yako yalimfikia.

Ikanibidi nimweleze kuhusu barua ya tarehe ishirini na nne. Nikafungua sanduku, nikamsomea neno kwa neno, kama ulivyoagiza, nikiwa nimechelewa siku kumi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema, “Ningejua, ningemketisha bandani na wewe.”

Nami, Mungu anisamehe, ulimi wa miaka arobaini ukatoka peke yake. Nikasema, “Ningalijua, Mama Kembabazi. Ningalimketisha.”

Akafumbua macho. “Kwani nimeshakufa?” akasema.

Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyaelewa vizuri.

Nimekuwa nikizilinganisha hizi nchi mbili tangu barua yangu ya kwanza, nikiishuku yenu kwa fimbo zake na muhuri wake, na baadaye yetu kwa ukimya wake. Yenu ilikuzuia kumzika mama yako. Yetu ilimzika Yustus bila neno. Bado nazishuku zote mbili, na sidhani nitaacha. Lakini nilikuwa na serikali yangu pia, ya raia mmoja, simu ikiwa mfukoni na ufunguo shingoni, nikiamua lipi la kusemwa. Hiyo ndiyo peke yake ambayo sikuishuku hata siku moja.

Nilikwenda kwa Lameck nikamwomba radhi penye mzani uleule, watu wakiwapo. Hakufanya mzaha. Yeye ndiye anayekuletea barua hii. Sikuibandika.

Jana nililifungua daftari. Safu ya mama yako nimeijaza kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hayo ni masahihisho: Deodatha, miaka sitini na sita, 10 Machi 2021, korona. Chini yake, ambapo hakuna safu, niliandika sentensi moja. Naiweka hapa uitazame, wewe uliyekuwa mwanafunzi wangu.

Ningalimwambia, angalimketisha nje.

Haina kosa.

Baba yako